Kuku kapoteza manyoya? Angalia ni wapi na yametokaje kabla hujanunua dawa (uzi maalumu)

#1 Mlezi wa Matetea (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara humu anatokea mtu na picha ya tetea aliyebaki ngozi tupu mgongoni, na majibu yanamiminika: mpe vitamini, mpulizie dawa ya utitiri, huyo mchinje tu. Ni mara chache sana mtu anauliza manyoya yametoka sehemu gani ya mwili, na yametokaje. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza. Usipolijibu, dawa yoyote utakayotia ni kubahatisha, na kuku anaendelea kuumia huku wewe unaamini unamtibu.

Mshike jioni akishapanda kwenye fito, maana wakati huo ametulia. Mpakate, washa tochi, kisha pitisha kidole kinyume na uelekeo wa manyoya pale palipo wazi. Ukigusa vishina vifupi vigumu vimebaki ngozini, manyoya hayo yamekatika. Ukikuta ngozi laini yenye vishimo vitupu, yameng'olewa au yamedondoka yenyewe.

Tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Unyoya uliotoka wote na mzizi wake huanza kuota tena mara moja, na kwa kawaida ndani ya wiki sita hadi nane pamefunikwa. Unyoya uliokatika hauoti hata kidogo mpaka kishina kidondoke, na kishina hudondoka kuku anapopukutisha manyoya ya zamani kwa msimu wake. Ndiyo maana mtu anamtoa jogoo bandani, anasubiri miezi, mgongo bado mtupu, anaanza kuhangaika na dawa nyingine. Jogoo ndiye aliyekuwa chanzo kweli, ila vishina bado vipo.

Sasa tazama ni wapi.

Mgongoni, kisogoni na juu ya mabega, tena manyoya yakiwa yamekatika: hapo ni jogoo anapanda. Hushika kisogo kwa mdomo na kusimama mgongoni kwa kucha.

Juu ya kitako, pale mkia unapoanzia, au kuzunguka sehemu ya kutagia: hapo ni wenzake wanamdonoa. Kwenye sehemu ya kutagia usisubiri hata kesho, kuku anaweza kutolewa utumbo na wenzake akiwa hai.

Kidarini na tumboni tu, naye anakaa kiotani kutwa akikuvimbia ukimsogelea: anataka kuatamia. Amejinyonyoa mwenyewe ili mayai yaguse ngozi yenye joto. Huyo si mgonjwa.

Shingoni mbele, au upande mmoja tu wa shingo: chunguza kilishio na waya. Kuku anayepenyeza kichwa kwenye tundu finyu kutwa nzima hujisugua mpaka anabaki wazi.

Kichwani, shingoni, kisha kidarini na mabawani, pande zote mbili sawasawa, na banda limejaa manyoya sakafuni: huyo anapukutisha manyoya. Ni jambo la kawaida kabisa. Huanza kuku akishafika takribani mwaka na miezi michache, na huja mara moja kwa mwaka, hasa mchana unapoanza kuwa mfupi. Mayai hupungua au husimama. Wengine humaliza kwa miezi miwili, wengine hujivuta mpaka mitatu na zaidi. Ajabu ni kwamba kuku anayetisha kumtazama, aliyebaki karibu uchi kwa mkupuo mmoja, mara nyingi ndiye anayerudi kutaga mapema. Anayedondosha kidogokidogo ndiye anayechelewa.

Halafu kuna wale waliozaliwa hivyo. Kishingo hana manyoya shingoni kwa asili yake, na kidimu manyoya yake yamejikunja. Hao hawana kosa lolote mwilini, msiwapake dawa.

Leteni kuku wenu tuwatazame mmoja mmoja. Nitajibu kadiri ninavyoweza, na wenye ujuzi zaidi karibuni mnisahihishe.

#2 Mama Vifaranga

Asante sana kwa hili la vishina, mkuu. Naomba kuuliza, huyu anayepukutisha afanyiwe nini? Wangu ukimshika analia kabisa.

#3 Mlezi wa Matetea

Usimshike, mama. Manyoya machanga yanapochomoza huwa ndani ya ala nyembamba iliyojaa damu, na ngozi kuyazunguka inauma. Ukiminya unamtesa, na ukivunja moja linavuja damu. Damu ikiwavutia wenzake, shida ya msimu inageuka kuwa kidonda. Kama lazima umkague, fanya usiku, mikono ikae chini ya kidari badala ya kubana mabawa.

Kubwa kwake ni chakula. Unyoya karibu wote ni protini, takribani asilimia 85 hadi 90. Chakula cha kawaida cha kuku wa mayai kina protini ya asilimia 16 hivi. Kipindi hiki mpandishie hadi 18 au 20: unga wa samaki, soya iliyopikwa vizuri, mashudu, mabuu ya wadudu, chochote chenye protini unachokiamini. Na upunguze nafaka za kumwaga. Mahindi yana protini ya asilimia nane au tisa tu. Mtu anayemwonea huruma kuku wake na kumtupia mahindi mengi anamshibisha huku akimnyima kile anachohitaji kutengeneza manyoya.

Ukimhamishia chakula cha kuku wanaokua kwa ajili ya protini, kumbuka hakina chokaa ya kutosha kwa wale wanaoendelea kutaga. Weka maganda ya kome yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni. Anayehitaji atajichukulia.

#4 Kishungi

Wakuu, mimi sina jogoo kabisa. Matetea wangu wawili wako wazi pale juu ya mkia, mmoja ameanza kutoka damu leo asubuhi. Nimegusa kama ulivyosema, hakuna vishina, ngozi laini. Nimepulizia dawa ya wadudu mara mbili, hakuna mabadiliko. Naomba msaada wa haraka.

#5 Mlezi wa Matetea

Mwenye damu mtoe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mweke kwenye kizimba au boksi kubwa lenye hewa, maji na chakula. Akae mahali wenzake wanamwona lakini hawamfikii. Ukimficha kabisa, siku ya kurudi watamwona mgeni na kumpiga upya.

Kisha nijibu haya: eneo lao ni la ukubwa gani na wako wangapi? Wanakula nini na chakula kinaisha saa ngapi? Wanatoka nje? Na je, umewahi kukaa kimya ukawatazama kwa nusu saa ukamwona nani anadonoa?

#6 Kishungi

Nimemtoa. Wapo kumi na mbili, banda ni kama mita mbili kwa mita moja na nusu, hawatoki siku hizi kwa sababu kuna mwewe. Chakula nachanganya mwenyewe: pumba, mahindi yaliyoparazwa, mashudu kidogo. Chumvi siweki, niliambiwa chumvi inaua kuku. Nawapa asubuhi, kufika saa nne kimeisha, nawapa tena jioni. Anayedonoa ni mmoja mwekundu. Hapigani wala hana hasira, anasogea taratibu tu nyuma ya mwenzake anachomoa unyoya na kuumeza.

#7 Mlezi wa Matetea

Hiyo sentensi yako ya mwisho ni muhimu kuliko zote. Anachomoa taratibu na anameza.

Kuku wana aina mbili za kudonoana, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya cheo. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920: kila kundi lina ngazi yake, wa juu humdonoa wa chini, wa chini hukaa pembeni, kundi linatulia. Pigo hilo hulenga kichwa na kilemba, ni la haraka, na mpigwaji hukimbia. Likizidi utaona majeraha usoni, si kitako kitupu.

Ya pili ni hii ya kwako, na haihusiani na ugomvi. Kuku ameumbwa kutafuta: akiwa huru hutumia sehemu kubwa ya mchana akichakura, akidonoa, akigeuza majani. Ukimfungia mahali pasipo na cha kuchakura, na chakula chake kinaisha saa nne, ule mdomo bado una kazi ya kutwa nzima. Atautumia kwenye kitu kilicho karibu, nacho ni mgongo wa mwenzake. Akionja unyoya, hasa kama chakula chake kina upungufu wa protini au chumvi, anazoea. Wengine wakimwona wanajifunza. Kwa hiyo huyo mwekundu usimchukie. Kamata kwanza kilichomfikisha hapo.

Kwako naona mambo manne yamekutana.

Nafasi ni finyu. Una mita tatu za mraba kwa kuku kumi na wawili wanaoshinda ndani kutwa. Ndani ya banda la kulala ningetaka angalau theluthi moja ya mita ya mraba kwa kila mmoja, na eneo la kushinda mchana takribani mita moja ya mraba kila mmoja. Mwewe unamzuia kwa wavu juu ya uzio. Ndiyo kazi ya kwanza ya kufanya.

Chakula hakina protini ya kutosha. Pumba na mahindi ndivyo vimejaa humo.

Chumvi. Aliyekuambia alikuambia nusu tu. Chumvi nyingi ni sumu kwa kuku, hilo kweli. Ila kukosa chumvi kabisa ni moja ya mambo yanayojulikana kuanzisha kudonoana na kula manyoya. Wanaochanganya chakula huweka asilimia 0.25 hadi 0.3: gramu 250 hadi 300 kwa kila kilo 100, ikachanganywa vizuri sana isikae sehemu moja, na maji yawepo muda wote. Kama mchanganyiko wako una unga wa samaki wenye chumvi, hesabu hiyo ishuke. Kama huna mizani ya uhakika, nunua chakula kilichochanganywa tayari ulale kwa amani.

La nne, wanamaliza chakula mapema. Chakula cha unga kinawachukua muda mrefu kukila kuliko cha punje, kwa hiyo uendelee na unga, lakini kiwepo mchana kutwa. Ning'iniza fungu la majani mabichi kwa kamba usawa wa kichwa chao au juu kidogo, walirukie. Mwaga nafaka kiganja kimoja ndani ya maranda mazito wachakure.

Huyo mwekundu mtenge siku kadhaa. Akirudi atakuwa ameshuka cheo, na mara nyingi tabia inapungua. Ila ukimtenga bila kubadilisha hayo mengine, atatokea mwingine.

#8 Bawa la Kushoto

Mkuu naheshimu maelezo yako, ila haya ya majani na nafaka ni ya mtu mwenye muda. Kata midomo, habari imeisha. Mashamba makubwa wanafanya hivyo.

#9 Mlezi wa Matetea

Kaka, wanafanya, kweli, na kwa vifaranga wadogo. Lakini mdomo wa kuku si ukucha. Ndani una neva hadi karibu na ncha, ndio anaotumia kupapasia, kuchagua chakula, kujisafisha. Kumkata kuku mkubwa nyumbani kwa kisu cha moto ni maumivu makali, na kwa wengine maumivu hayaishi. Tena asiyeweza kujichambua vizuri kwa mdomo hawezi kujitoa chawa na utitiri, kwa hiyo unaondoa shida moja unaleta nyingine. Norway, Finland na Sweden walishapiga marufuku jambo hili na bado wanafuga kuku wa mayai kwa wingi.

Kwa kuku wachache wa nyuma ya nyumba sioni sababu yoyote ya kufika huko. Mtu asiye na muda wa kuning'iniza majani apunguze idadi ya kuku, na hilo nalisema kwa dhati.

#10 Daktari Mifugo

Naunga mkono. Niongeze upande wa vidonda, maana naona watu wanavitibu vibaya.

Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi dakika chache bila kufunuafunua. Ikisimama, osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa: kijiko kimoja cha chai, kisichojaa sana, kwa nusu lita. Punguza manyoya yanayoingia kidondani. Kisha paka iodini iliyozimuliwa mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Oksijeni ya maji, ile inayotoa povu, usiirudierudie: inaua vijidudu lakini inaunguza pia nyama mpya inayoota. Na krimu za kuondoa maumivu za binadamu ziacheni, baadhi zina dawa za ganzi ambazo ndege anazidiwa nazo haraka.

Ile dawa ya rangi ya zambarau wengi wanaipenda kwa sababu inaficha wekundu. Ni kweli wekundu ndio unaovuta midomo. Lakini kwa mnyama anayeliwa au ambaye mayai yake yanaliwa, nchi kadhaa zimeikataza kwa sababu za usalama wa mlaji. Kumtenga kuku kunafanya kazi ileile bila wasiwasi huo.

Adui mkubwa wa kidonda cha kuku kwenye joto ni nzi. Mayai ya nzi yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na funza wakiingia chini ya ngozi hali inabadilika haraka. Mweke mgonjwa mahali penye wavu, kagua kidonda asubuhi na jioni, inua manyoya yanayokizunguka. Ukiona vidude vyeupe kama punje ndogo za mchele vimegandamana, hayo ni mayai ya nzi, yatoe yote.

Kuku ana uwezo mkubwa wa kuponya ngozi. Jeraha pana linalotisha linaweza kufunga bila kushonwa likiwa safi. Lakini aliyeng'atwa na paka au mbwa, hata kama tundu ni dogo, mpeleke kwa mtaalamu. Meno huingiza bakteria ndani kabisa na juu unaona kitone tu.

Dada au kaka Kishungi, mwenye damu mwangalie pia sehemu ya kutagia. Imevimba? Kuna nyama nyekundu imetoka nje?

#11 Kishungi

Hapana dokta, iko sawa. Ni pale juu ya mkia tu. Damu imesimama, nimeosha kama ulivyosema, anakula.

#12 Daktari Mifugo

Vizuri. Nimeuliza kwa sababu matetea wanaoanza kutaga, hasa walionona au wanaotaga yai kubwa kuliko umri wao, huchelewa kurudisha ndani ile nyama inayotoka na yai. Inang'aa, ni nyekundu, wenzake wanaidonoa. Kiota kikiwa kwenye mwanga mkali wanaiona vizuri zaidi. Ndiyo maana kiota kinatakiwa kiwe na giza: pazia la gunia mlangoni linatosha. Kiota kimoja kwa kuku wanne au watano.

#13 Seremala wa Mabanda

Mimi ni fundi, nizungumzie mbao. Wengi wanasema "nimempulizia kuku dawa ya utitiri haijasaidia." Utitiri mwekundu haukai kwa kuku, fundi yeyote aliyebomoa banda la zamani anajua. Mchana wamejificha kwenye nyufa, kwenye maungio ya fito, chini ya kiota. Usiku wanapanda kunyonya damu, alfajiri wanarudi. Ukimkagua kuku saa sita mchana hutaona kitu. Ingia usiku na kitambaa cheupe, pitisha chini ya fito. Ukikuta michirizi myekundu, wapo.

Wakati wa joto kizazi kinakamilika ndani ya wiki moja hivi, na wakubwa wanaweza kukaa miezi mingi bila kula. Kwa hiyo kuacha banda tupu wiki mbili hakusaidii. Fungua fito zote, mwagia maji yanayochemka kwenye kila ungio, acha likauke juani, kisha paka chokaa nyufa zote. Ncha za fito, pale zinapokaa kwenye ukuta, paka mafuta mazito ili wakipita wanase. Mabanda ninayotengeneza siku hizi fito natengeneza za kuchomoa. Banda ambalo huwezi kulifungua huwezi kulisafisha.

Fito zenyewe: ziwe za mviringo uliopungua makali, zisiwe na vibanzi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 inadai angalau sentimita 15 za fito kwa kila kuku wa mayai. Nyumbani toa 20 au 25. Wakibanana usiku, wa chini anasukumwa, anadonolewa, anaishia kulala kiotani. Kuku wazito usiwapandishe juu sana, wakiruka asubuhi wanaumia nyayo, na kidonda cha unyayo kikishika usaha ni kesi ndefu.

#14 Daktari Mifugo

Sahihi kabisa, fundi. Nitenganishe tu: chawa wa kuku na aina nyingine ya utitiri wanakaa mwilini muda wote. Funua manyoya kuzunguka sehemu ya kutagia: chawa ni rangi ya majani makavu, wanakimbia ukifunua, mayai yao yamegandamana kwenye mashina ya manyoya. Utitiri huo wa mwilini unaacha manyoya yakiwa na rangi ya masizi. Hao ndio unaowatibu kwa kumpaka kuku dawa ya unga iliyoruhusiwa kwa kuku wa mayai, kisha unarudia baada ya siku saba hadi kumi, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Soma kwenye kopo muda wa kusubiri kabla ya kula mayai. Na kama dawa ina permetrini (kemikali ya kuua wadudu), paka wa nyumbani asiiguse, kwake ni sumu.

#15 Mlezi wa Matetea

Na wapeni mahali pa kuoga vumbi, jamani. Udongo mkavu, mchanga, majivu ya kuni yaliyopoa, chini ya paa ili mvua isilowanishe. Kuku mwenye nafasi huoga takribani kila baada ya siku mbili, na hatoki humo upesi. Sina furaha ninayoipenda bandani kama kuona tetea amelala ubavu, jicho limefumba nusu, anajimwagia vumbi chini ya bawa. Asiyepata vumbi huo ufundi anaufanya hewani, sakafuni, na manyoya yake huwa mazito kwa mafuta.

#16 Mama Vifaranga

Nirudi kwa jogoo. Wangu ana matetea watano, wawili ndio anaowapenda, migongo yao imekwisha. Mmoja ana mchaniko ubavuni chini ya bawa. Nimeona watu wanawavalisha vikoti. Vinafaa?

#17 Mlezi wa Matetea

Mchaniko ubavuni ni ule mwiba wa nyuma ya mguu wa jogoo, kikwaru. Inua mabawa ya wote watano leo, maana jeraha la pale linajificha na unaweza kulijua likiwa limeshaoza. Aliyechanika asirudi kwa jogoo mpaka apone kabisa.

Jogoo mmoja anahitaji matetea wanane hadi kumi, na wa asili nyepesi hata kumi na wawili. Watano ni wachache. Na hata wakiwa kumi atakuwa na wapendwa wake, kwa hiyo hesabu inapunguza tatizo lakini haiwalindi wale wawili.

Kikoti kinafaa, kikishonwa vizuri. Kata kitambaa kigumu cha pamba, turubai jepesi au jinzi, kianzie chini ya shingo kiishie kabla ya mkia. Kisifunike wala kubana ile tezi ya mafuta juu ya mkia, anaihitaji kupaka manyoya yake. Upana uzibe mgongo na uteremke kidogo mabegani. Kila upande weka mpira wa nguo unaozunguka mzizi wa bawa, vidole viwili vipite bila shida. Mshono uwe nje, usikwaruze ngozi. Siku ya kwanza atarudi nyuma na kujitingisha, muda si mrefu anazoea.

Usikivalishe juu ya kidonda kibichi. Kivue kila baada ya siku chache uangalie chini, maana chawa hupenda pale penye joto na pasipofikiwa na vumbi. Kikilowa kivue. Na katika joto kali mwache bila kikoti, mtenge na jogoo.

Kikwaru unaweza kukipunguza ncha tu. Ndani kina mfupa na damu, ukikata kwa tamaa atavuja sana. Mimi napendelea tupa: unasugua ncha mpaka iwe butu. Fanya usiku, mwenzako amshike. Kucha za vidoleni nazo zitoe makali.

Ila ningekuwa wewe ningemhamisha jogoo kizimba cha jirani na hao matetea, nikawakutanisha mara mojamoja. Mayai ya kula hayahitaji jogoo, na kwa ya kuangulisha mbegu yake hubaki hai ndani ya tetea kwa wiki moja hadi mbili hivi baada ya kupandwa. Hakuna haja ya kuwa nao kutwa.

#18 Bawa la Kushoto

Hilo la mbegu sikulijua. Na kwa vifaranga je? Nina kundi la wiki tatu, wameanza kuchomoana mikia.

#19 Mama Vifaranga

Hapo nina uzoefu, kaka. Punguza ukali wa taa kwanza, taa nyekundu inawatuliza kuliko nyeupe. Angalia joto, wakihema na kutanua mabawa wamezidiwa. Nafasi iliyowatosha wakiwa na wiki moja haiwatoshi tena. Na waanze mapema kuwa na maranda ya kuchakura. Wanaokulia kwenye sakafu tupu wanajifunza kudonoana kabla ya kujifunza kuchakura. Aliyetoka damu mtoe saa hiyohiyo, vifaranga hawana huruma wakishaona damu.

#20 Kishungi

Wakuu narudi na mrejesho. Nimeweka wavu juu, sasa wanashinda nje. Chakula nimebadilisha kabisa, cha dukani cha kuku wa mayai, na majani nimening'iniza. Mwekundu karudi bandani, anachakura na wenzake, sijamwona akichomoa tena. Yule aliyeumia kidonda kimekauka na vichipukizi vya manyoya vimeanza kutokea pale juu ya mkia. Swali langu la mwisho: nimrudisheje asipigwe?

#21 Mlezi wa Matetea

Umenifurahisha sana, Kishungi. Vichipukizi hivyo ni ushahidi kwamba yaling'olewa, hayakukatika, kwa hiyo hatasubiri msimu.

Subiri kidogo bado. Vile vichipukizi vina damu na vinang'aa, ni chambo kwa mdomo wenye mazoea. Viache vipasuke ala na manyoya yafunguke yafunike ngozi. Wakati huo kizimba chake kiweke ndani ya uzio wao mchana, wale kila mmoja upande wake wa waya, vyombo vikiwa jirani.

Siku ya kumrudisha, mwaga majani na nafaka sehemu mbalimbali za uwanja kisha umfungulie mchana, wote wakiwa na shughuli. Weka kilishio cha pili na chombo cha pili cha maji mbali na vya kwanza, ili anayefukuzwa awe na pa kwenda. Weka pia ubao umeegemea uzio au gogo ambalo anaweza kuzunguka nyuma yake asionekane. Watamdonoa kichwani mara kadhaa, usiingilie. Ingilia ukiona damu, au ukiona mmoja anamfuata nyuma kimyakimya akiangalia mkia. Ukiweza, mrudishe pamoja na yule mwenzake wa pili aliyekuwa wazi, wawili hawaelemewi kama mmoja.

Usiku huo wa kwanza ingia na tochi uangalie amelala wapi. Akiwa chini au kiotani, mpandishe kwenye fito taratibu, mwishoni mwa mstari.